Gramu 125 za Mkate na Sauti Redioni



Wahenga wetu walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Msemo huu ni wa kweli, lakini siku hizi umepewa kazi ambayo wahenga hawakuukusudia. Mzazi akiulizwa kwa nini nyumba nzima haina hata kitabu kimoja, hujibu kwamba kitabu hakiliwi. Mfanyakazi akiulizwa kwa nini aliacha kuandika mashairi aliyokuwa akiyaandika ujanani, hujibu kwamba kwanza tumbo, mengine baadaye. Hoja hii ina uzito, na haifai kujibiwa kwa dharau na mtu aliyeshiba. Anayetaka kuijibu hana budi kwenda mahali ambapo njaa ilikuwa njaa kweli, akatazame huko watu waliyafanyia nini maneno yao.

Jumapili hii, basi, nakualika twende katika mji wa bandari ulio mbali sana na pwani yetu. Ni mji ulioko mahali ambapo mto Neva unaingia katika Ghuba ya Ufini, kwenye Bahari ya Baltiki. Ulijengwa na mfalme Petro Mkuu wa Urusi kuanzia mwaka 1703 ili nchi yake ipate mlango wa bahari kuelekea magharibi. Ukaitwa Saint Petersburg. Mwaka 1914 ukaitwa Petrograd, mwaka 1924 ukaitwa Leningrad, na mwaka 1991 ukarudishiwa jina lake la kwanza. Katika habari hii tutauita Leningrad, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa midomoni mwa wakazi wake wakati wa masaibu tunayoyaeleza.

Ujerumani ya Hitler iliivamia Urusi ya Kisovieti tarehe 22 Juni 1941. Majeshi yake yalisonga kwa kasi, na tarehe 8 Septemba mwaka huo huo yaliuteka mji mdogo wa Shlisselburg, penye mlango wa mto Neva katika ziwa Ladoga. Kwa kutekwa kwa mji huo njia ya mwisho ya nchi kavu ikakatika. Upande wa kaskazini walikuwako Wafini, waliokuwa wakipigana bega kwa bega na Wajerumani. Manowari za Baltiki zilibaki zimejibanza mtoni na katika ngome ya Kronstadt, na meli za biashara hazikuwa tena na pa kwenda. Ukawa mji wa bandari usio na bahari. Ndani yake walikuwamo raia wapatao milioni mbili na nusu, na miongoni mwao watoto karibu laki nne.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 8 Septemba ndege za adui ziliyachoma maghala ya Badayev, palipowekwa unga na sukari. Moshi wake ulionekana mji mzima. Katika siku zilizofuata watu walikwenda kuchota udongo uliochanganyika na sukari iliyoyeyuka, wakauchuja kwa maji na kuyanywa. Uongozi wa Ujerumani, kwa upande wake, uliamua mwezi huo huo kwamba mji usipewe nafasi hata ya kusalimu amri. Watu wake waachwe wafe njaa. Ni vema tulikumbuke jambo hili, maana njaa ya Leningrad haikuletwa na ukame wala nzige. Ilipangwa mezani na watu wenye kalamu, na ikatekelezwa kwa mizinga.

Sasa tuingie majumbani. Mkate uligawiwa kwa kadi, na mgawo ulipunguzwa mara tano kati ya Septemba na Novemba. Kuanzia tarehe 20 Novemba hadi tarehe 25 Desemba 1941 mfanyakazi wa kiwandani alipata gramu 250 kwa siku. Watumishi wa ofisini, watoto na wale walioandikwa kuwa wategemezi walipata gramu 125. Chukua kipande cha mkate kisichojaza kiganja chako, nacho kiwe ndicho chakula chako cha kutwa. Tena hakikuwa mkate kama tuujuavyo. Ulichanganywa mashudu, vumbi lililokung'utwa kwenye kuta za maghala, na unga uliotokana na mbao. Ulikuwa mzito kwa unyevu na mweusi.

Msomaji uliye mama wa nyumbani utaona jambo moja katika hesabu hiyo. Mwanamke asiye na kazi ya mshahara, anayelea watoto watatu, anayechota maji kwenye tundu lililochongwa katika barafu ya mto, anayepanga foleni tangu alfajiri katika baridi iliyoshuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, huyo katika daftari la mgawo aliitwa mtegemezi. Alipewa sawa na mtoto wake mdogo, na aghalabu nusu ya sehemu yake ilikwenda kwa mtoto huyo. Mwenye kupoteza kadi, au kuibiwa, alikuwa na matumaini madogo sana ya kuumaliza mwezi.

Umeme ulikatika majumbani, mabomba ya maji yakaganda, na tramu zikasimama njiani zikafunikwa na theluji. Familia ilihamia katika chumba kimoja na kukaa kandokando ya jiko dogo la bati. Jiko lile lilitaka kuni. Zilichomwa meza, zikafuata kabati na sakafu, na hatimaye vitabu. Tusione haya kulitamka hilo. Leningrad ulikuwa mji wa wasomaji, mji wa Pushkin na wa Dostoyevsky, na wakazi wake walivichoma vitabu vyao ili kuchemsha maji. Mkanda wa ngozi ulichemshwa ukawa supu, na gundi ya maseremala ikapikwa ikaliwa. Katika miezi ya Januari na Februari 1942 walikufa watu wapatao laki moja kila mwezi. Maiti zilivutwa hadi makaburini juu ya vigari vya watoto, vile visivyo na magurudumu ambavyo huburutwa juu ya theluji.

Hapo ndipo penye mtihani wa ile hoja yetu. Je, katika chumba cha namna hiyo, neno lina kazi gani?

Katika nyumba nyingi kulikuwa na kipaza sauti kidogo kilichounganishwa kwa waya na kituo cha redio cha mji. Hakikuhitaji betri wala kutafuta stesheni. Kilitegemea waya tu. Wakati ambapo hapakuwa na kipindi, redio haikunyamaza kabisa. Ilirusha mlio wa metronomu, kile chombo cha wanamuziki cha kupima mapigo. Mapigo ya taratibu yalimaanisha shwari, na yakiongeza kasi yalimaanisha ndege za adui zinakuja, watu waende mahandakini. Mgonjwa aliyelala gizani chini ya makoti yote ya nyumba alisikia mapigo yale akajua kwamba mji ungali hai. Ziko kumbukumbu kwamba majira hayo ya baridi umeme ulipopungua na redio ikanyamaza katika mitaa kadhaa, watu walijikokota kwa mkongojo hadi Nyumba ya Redio kuuliza kumetokea nini. Walisema njaa waliweza kuivumilia, lakini ule ukimya hawakuuweza.

Katika redio hiyo alifanya kazi mwanamke aitwaye Olga Berggolts. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji huo huo, na vita vilipoanza alikuwa mshairi na mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 31. Usidhani alikuwa kipenzi cha wakubwa. Desemba 1938 alikamatwa kwa tuhuma za uongo za uadui kwa taifa, akakaa gerezani hadi Julai 1939, na humo akaipoteza mimba yake. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Badala yake akawa sauti ambayo wakazi wa Leningrad waliisubiri siku hadi siku.

Alizungumza nao jinsi gani? Hakuzungumza kama mtu aliyepanda jukwaani. Alizungumza kama jirani anayejua bei ya kipande cha mkate na anayejua njia ya kwenda kuchota maji. Aliwataja wanawake wa foleni, akautaja mkate ule mweusi, akaitaja baridi, na katika sauti yake msikilizaji alitambua kwamba msemaji naye hajala. Mwishoni mwa Januari 1942 mumewe, Nikolai Molchanov, aliyekuwa mtaalamu wa fasihi, alifariki kwa njaa na maradhi. Mwezi uliofuata Berggolts aliandika utungo mrefu uitwao Shajara ya Februari, nao ukasomwa redioni. Mjane mwenye njaa aliwasomea wajane wenye njaa. Haukumwongezea mtu hata gramu moja ya mkate, lakini kila aliyeusikia aliambiwa kwamba yaliyomo chumbani mwake yanajulikana na mtu mwingine.

Hakuwa peke yake. Mshairi Vera Inber, ambaye mumewe alikuwa mkuu wa chuo cha utabibu mjini humo, alibaki akaandika utungo wake uitwao Meridiani ya Pulkovo, pamoja na shajara iliyochapishwa baada ya vita. Anna Akhmatova, mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai mjini, alizungumza redioni na wanawake wenzake Septemba 1941 kabla ya kusafirishwa hadi Tashkent. Lidiya Ginzburg, aliyekuwa mhariri katika redio hiyo hiyo, aliandika kwa siri juu ya mambo ambayo washairi hawakuyagusa: jinsi mtu mwenye njaa anavyofikiri, na jinsi wanawake wanavyozungumza katika foleni. Maandishi yake hayakuanza kuchapishwa hadi mwaka 1984.

Hapa yafaa nikutahadharishe, ndugu msomaji, usije ukadhani naitukuza picha iliyopakwa rangi. Si kila mtu katika mji ule alikuwa shujaa. Walikuwako walioiba kadi za wenzao, na walikuwako wauza mikate waliopunja mizani. Shajara zilizokuja kufunguliwa miaka mingi baadaye zinaonyesha kwamba katika ofisi kuu baadhi ya wakubwa walikula nyama na siagi katika miezi ile ile ambayo mama alikuwa akikata gramu 125 vipande vitatu. Na neno lenyewe halikuwa huru. Machi 1942 Berggolts alisafirishwa kwa muda hadi Moscow. Huko aligundua kwamba hakuruhusiwa kuwaeleza watu ukweli wa njaa ya Leningrad. Aliruhusiwa kuusifu ushujaa, akakatazwa kutaja idadi ya maiti. Katika mwezi huo huo baba yake, daktari aliyetibu watu wakati wa mzingiro, alifukuzwa mjini kwa sababu ya asili ya jina lake. Berggolts aliyaandika hayo yote katika shajara ya siri ambayo hakuiona ikichapishwa maishani mwake. Alifariki mwaka 1975.

Kwa hiyo fasihi ya mji ule ilikuwa na tabaka mbili. Tabaka ya juu ni ile iliyosikika redioni, na ya chini ni ile iliyofichwa uvunguni. Zote mbili zilikuwa na kazi. Ya juu iliwasaidia watu kufika kesho yake, na ya chini iliwahifadhia watoto wao ukweli.

Tuiache redio, twende maktaba. Maktaba ya Taifa ya mji ule ni miongoni mwa maktaba kubwa duniani. Hazina zake za thamani zilihamishwa mapema, lakini milango haikufungwa katika muda wote wa mzingiro. Watumishi wake wengi walikufa kwa njaa. Waliobaki waliwahudumia wasomaji katika chumba kimoja kwa mwanga wa taa za mafuta. Na wasomaji walikuja kuuliza nini? Walikuwamo waliotaka riwaya, maana mtu akiwa ndani ya riwaya husahau tumbo kwa nusu saa. Lakini wengi walikuja na maswali ya kazi. Viberiti hutengenezwaje? Mishumaa je? Ni majani gani ya porini yanayolika? Dawa ya kiseyeye hupatikana wapi? Jibu la swali hili la mwisho lilikuwamo katika vitabu: chemsha miba ya msunobari upate vitamini C. Kinywaji hicho kikatengenezwa kwa wingi mjini. Ukimsikia tena mtu akisema kitabu hakiliwi, mwambie kwamba Leningrad kilikaribia kuliwa.

Palikuwa na hazina nyingine isiyokuwa ya maandishi, ingawa ilifanana na maktaba. Mtaalamu Nikolai Vavilov alikuwa amezunguka dunia kukusanya mbegu za mazao, na mwaka 1927 alifika hata Ethiopia kukusanya ngano za huko. Mbegu hizo, sampuli zaidi ya 100,000, zilihifadhiwa katika taasisi yake mjini Leningrad. Palikuwamo mpunga, karanga, mahindi, kunde na viazi. Wafanyakazi wa taasisi waliokuwa wakifa kwa njaa walizilinda mbegu zile dhidi ya panya, baridi na matumbo yao wenyewe. Dmitri Ivanov, aliyekuwa mtunzaji wa mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na mafurushi ya mpunga. Alexander Shchukin, mtunzaji wa karanga, naye alikufa. Vavilov mwenyewe wakati huo hakuwako. Alikuwa amefungwa na serikali yake, naye alifariki gerezani mjini Saratov Januari 1943. Wale wahenga waliosema mwenye njaa hana miiko hawakupata kukutana na watu hawa.

Majira ya baridi yalipopungua ukali, mji ulianza kuinuka. Barafu ya ziwa Ladoga, ambayo tangu Novemba 1941 ilikuwa barabara ya malori, ilikuwa imekwisha kuingiza unga na kuwatoa raia zaidi ya laki tano. Machi na Aprili 1942 watu waliosalia, wengi wao wanawake, walitoka na majembe wakausafisha mji ili yasizuke maradhi ya mlipuko. Tarehe 15 Aprili tramu za abiria zikaanza tena kutembea, na wako walioukimbilia mlio wa kengele zake wakilia. Bustani za mji zikageuzwa mashamba, hata kabichi zikapandwa mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Isaac.

Kisha ikaja siku ambayo mji ule huizungumzia hadi leo. Mtunzi wa muziki Dmitri Shostakovich alikuwa ameanza kuitunga simfonia yake ya saba mjini humo chini ya mabomu, akaimaliza Desemba 1941 baada ya kuhamishwa hadi Kuibyshev. Nakala ya muziki huo ililetwa Leningrad kwa ndege. Okestra ya redio, chini ya kiongozi wake Karl Eliasberg, ilipoitwa mazoezini walijitokeza wanamuziki wapatao 15 tu walioweza kupiga. Wengine walikuwa wamekufa, na wengine hawakuwa na pumzi ya kupuliza tarumbeta. Iliwalazimu wapewe nyongeza ya chakula, na wapigaji wengine wakaombwa kutoka jeshini. Tarehe 9 Agosti 1942 simfonia ikapigwa. Kabla ya kuanza, mizinga ya Jenerali Govorov iliyashambulia maeneo ya Wajerumani ili yanyamaze. Muziki ulirushwa redioni na kwenye vipaza sauti vya barabarani, hata adui aliye mahandakini akausikia. Wasikilizaji walikuja ukumbini wamevaa nguo zao nzuri, zilizokuwa zikiwapwaya mwilini.

Lakini mimi, ndugu msomaji, nikifikiri juu ya fasihi ya Leningrad, mawazo yangu hayatangulii kwenye ukumbi ule. Hutangulia kwenye sanduku na kwenye daftari.

Sanduku ni la Daniil Kharms. Huyu alikuwa mwandishi wa hadithi na mashairi ya watoto, mchekeshaji wa ajabu, ambaye maandishi yake mengine hayakukubalika kuchapishwa. Alikamatwa Agosti 1941, na tarehe 2 Februari 1942 alikufa kwa njaa katika hospitali ya gereza. Rafiki yake Yakov Druskin, mwanafalsafa na mwanamuziki, alikuwa amedhoofika kiasi cha kushindwa kutembea vizuri. Hata hivyo alitembea hadi nyumba ya marehemu, iliyokuwa imepasuliwa na bomu. Yeye na mjane wa Kharms wakakusanya karatasi zote na kuzitia sandukuni, kisha Druskin akaondoka nalo. Kwa miaka mingi alilitunza akihama nalo kutoka mahali hadi mahali. Maandishi yaliyokuwamo leo yanasomwa katika lugha nyingi za dunia. Karatasi zile zingeweza kuchemsha birika la maji. Tena lilikuwa birika lililohitajiwa kweli, na Druskin alilijua hilo kuliko sisi.

Daftari ni la Tanya Savicheva, binti aliyezaliwa mwaka 1930, mtoto wa mwisho katika familia ya watu wa kazi. Lilikuwa daftari dogo la dada yake, na upande mmoja lilikuwa na kurasa zenye herufi za alfabeti. Tanya aliandika humo mambo machache tu. Chini ya herufi ya jina la kila mmoja wa jamaa zake aliandika siku na saa aliyokufa. Dada yake Zhenya alikufa Desemba 1941. Akafuata bibi, Januari 1942, kisha kaka yake Leka, Machi, kisha ami zake wawili, na mwisho mama, tarehe 13 Mei 1942. Kurasa za mwisho zinasema kwamba wote wamekufa na amebaki yeye peke yake. Kumbe dada yake Nina na kaka yake Mikhail walikuwa wangali hai nje ya mji, naye hakujua. Tanya alitolewa mjini mwaka huo, lakini afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika. Alifariki tarehe 1 Julai 1944 akiwa na umri wa miaka 14. Kurasa zake tisa zimo katika jumba la makumbusho la mji.

Mtoto yule hakuwa mwandishi, wala hakuna aliyemtuma. Kwa nini aliandika? Nadhani, na hii ni dhana yangu tu, ni kwa sababu katika majira yale watu walikufa bila kilio, bila jeneza na bila tanga. Pale desturi zote za msiba ziliposhindikana, mtoto alifanya desturi moja iliyobaki, nayo ni kutaja jina la marehemu na siku yake.

Mzingiro ulivunjwa sehemu tarehe 18 Januari 1943, na ukaondolewa kabisa tarehe 27 Januari 1944, baada ya siku 872. Hesabu rasmi ya baada ya vita ilisema waliokufa njaa walikuwa zaidi ya 632,000. Wanahistoria wengi leo wanasema walikuwa kati ya laki nane na milioni moja. Karibu nusu milioni wamelala katika makaburi ya Piskaryovskoye, yaliyozinduliwa rasmi mwaka 1960, na ukutani pamechongwa maneno ya Olga Berggolts.

Amani ilipokuja, vita vingine vikaanza, yaani vita vya kuamua nani atausimulia mzingiro. Agosti 1946 chama tawala kiliwashutumu hadharani Akhmatova na mwandishi Mikhail Zoshchenko, na jarida lililoitwa Leningrad likafungwa. Mwaka 1949 Makumbusho ya Ulinzi wa Leningrad, ambayo wananchi waliyajaza vitu vyao wenyewe, nayo yakafungwa, yasifunguliwe tena hadi 1989. Katika miaka ya sabini waandishi Ales Adamovich na Daniil Granin walipita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti wakiwahoji walionusurika. Kitabu chao kilianza kutolewa mwaka 1977, kikiwa kimekatwakatwa na wakaguzi. Wazee walitoa madaftari yaliyokuwa yamefichwa miaka thelathini na mitano. Lau kama madaftari yale yasingekuwako, hadithi ya mji ingebaki ile ya sherehe na nishani tu.

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe. Vita hivyo hivyo vilitugusa. Vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda walipelekwa kupigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Shaaban Robert alivitungia utenzi mzima, Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao ulichapishwa mwaka 1967 baada ya yeye kufariki. Tunao basi mshairi aliyeandika. Lakini daftari la nyumbani liko wapi? Wagogo walipatwa na njaa kubwa iliyoletwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, pale majeshi yalipokomba ng'ombe, nafaka na wapagazi. Njaa hiyo waliipa jina, Mtunya. Jina limebaki, lakini ni familia ngapi leo zinazoweza kutaja nani alikufa, siku gani, na nani alimgawia nani punje ya mwisho?

Hata yaliyo karibu yanatutoka. Wengi wetu tuna wazazi waliopanga foleni mwanzoni mwa miaka ya themanini kwenye duka la kaya, wakingoja sukari, sabuni na unga wa yanga. Haikuwa Leningrad, na tusijilinganishe. Lakini yalikuwa maisha ya watu, yenye hesabu zake, ujanja wake na ukarimu wake. Mama aliyejua kugawa robo ya sukari kwa watu tisa ana elimu ambayo haimo katika kitabu chochote, na siku atakapoondoka ataondoka nayo.

Narudi kwenye hoja tuliyoanza nayo. Kitabu hakiliwi, ni kweli. Shairi la Berggolts halikuongeza mkate, na Leningrad iliokolewa na unga uliopita juu ya barafu, na askari, na wanawake wenye majembe. Tusimpe mshairi sifa isiyokuwa yake. Hata hivyo, watu wale walipokuwa hawana kitu hata kimoja cha ziada, waliendelea kuomba sauti, waliendelea kwenda maktaba, walilibeba sanduku la karatasi, na mtoto aliandika majina. Watu waliojua thamani ya gramu moja ndio walioamua kwamba neno si anasa. Mimi na wewe, ambao jioni ya leo tutakula, tuna ujasiri gani wa kuwapinga?

Nunua daftari, ndugu msomaji. Lisiwe la gharama. Leo baada ya chakula mketishe mzee wa nyumba, umuulize alikuwa wapi, alikula nini, na nani alimsaidia. Andika jina, andika na siku. Asipokumbuka tarehe, andika msimu. Kisha liweke mahali ambapo mtoto atalifikia.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.